Redio Iliyonuna

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili asubuhi

Mpendwa Kitindamimba,

Hamjambo wewe, shemeji na wanangu? Mimi ni mzima wa kusema tu. Pumzi inaniishia nikifika mlangoni, na daktari siku hizi hujibu maswali yangu kwa kunipigapiga bega. Kwa hiyo nisikuzungushe: redio ya gari lako haikuungua. Nilikudanganya.

Unakumbuka ulipohamia mbali ukatuachia gari, ndani ya redio mlikuwa na kanda uliyomrekodia mama. Kila akimaliza chai aliniambia, "Nipeleke kwa mwanangu." Mimi niliyemwogesha na kumlisha, namkalisha kiti cha mbele, nawasha, nasimama nje kama dereva wa kuajiriwa. Wewe unacheka mle ndani, naye anakujibu. Nikimsemesha, mama husema: "Hebu ngoja, mwenzio anaongea."

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwetu nyoka niliua mimi, ikasifiwa ya mbali. Hata sasa dada yetu akija kunilisha, habari zako ndizo anazouliza kwanza.

Basi, tulipobadilisha betri redio ikagoma. Fundi akapima fyuzi, akavutavuta nyaya, akagonga spika. "Mzee, hii haiumwi, imenuna," akasema. "Ikikatiwa umeme hutaka namba ya siri. Mpigie mwenye gari."

Mama akacheka pale kitini. "Imenuna kama kaka mtu."

Neno hilo lilinichoma. Nikakupigia, ukanitajia namba. Mbele yao nikabonyeza nyingine, nikarudia na kurudia hadi redio ikajifunga, kanda imo ndani. "Mdogo wangu kaisahau namba," nikawaambia. Wewe nikakwambia imeungua.

Nilidhani akikukosa atanigeukia mimi. Aliendelea kuomba apelekwe garini, akakaa akiitazama redio, hadi siku zake zikaisha.

Msalimie shemeji, na wanangu wabusu vichwani. Dada anawasalimu. Mungu awape uzee wenye pumzi kuliko huu wangu.

Limebaki moja. Uliponitajia namba uliyoichagua mwenyewe, ulicheka ukasema, "Kaka, hiyo huwezi kuisahau, ni mwaka uliozaliwa wewe." Mimi nilibonyeza mwaka wako, mdogo wangu, ili angalau redio ikukatae.

Wako akupendaye, na akuoneaye wivu hadi leo,
Kaka