Utepe wa Njano Ambao Sikuufunga

Ijumaa jioni, Septemba 2015. Karama, Dubai.

Joto halijapungua hata baada ya jua kutua, na kiyoyozi cha chumba chetu kinatoa kelele nyingi kuliko baridi. Wenzangu watatu wako jikoni wanasonga ugali. Mimi nimekaa kitandani na jaketi langu la kazini mapajani. Lina damu kwenye mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Si damu yangu.

Nimelifua mara mbili. Haitoki.

Nianze na kazi yangu, maana wengi mnaosoma hapa mnadhani bado mimi ni soja wa mlangoni. Tangu Februari ya mwaka juzi niko kwenye uwanja wa barafu kule Al Barsha. Ndiyo, barafu, Dubai hii hii. Nashuka metro nikitiririka jasho, navaa soksi mbili na jaketi, halafu natetemeka mpaka saa ya kutoka. Nagawa viatu vya barafuni, nanoa visu vyake, napangusa maji. Watoto wa wenye nacho wanachezea hapo mpira wa magongo wa barafuni, ambao badala ya mpira wanapiga kisahani cheusi, na ambao kumvaa mwenzako kwa mwili mzima ni sehemu ya mchezo. Ukiuona mara ya kwanza utadhani ni ugomvi ulioandaliwa. Mimi nilipouona mara ya kwanza niliupenda papo hapo. Hilo nalo niliseme mapema.

Leo ilikuwa siku ya kuchagua. Mara moja kwa mwaka makocha wa timu nne wanawatazama watoto wa miaka kumi na tatu na kumi na nne wakicheza mechi moja, kisha wanajifungia chumbani na kuchagua kwa zamu, jina kwa jina, kama watu wanaogawana nyama. Asiyetajwa anarudi kucheza na wadogo, kule ambako kugongana hakuruhusiwi. Kwa mtoto wa miaka kumi na tatu hiyo ni aibu ya kufa mtu.

Kazi yangu siku hiyo ni mizani. Kila mtoto anapanda, naandika kilo zake, na yule aliye chini ya kilo arobaini na nane namfungia utepe wa njano kwenye helmeti. Utepe una maana moja tu: huyu usimgonge kwa nguvu zako zote. Ni kanuni nzuri. Ni laana pia, kwa sababu sijaona kocha akimchagua mtoto mwenye utepe. Makocha hubishana mwaka mzima kama ni bora mtoto mkubwa au mtoto fundi, wanapiga meza, wanachora michoro, lakini siku yenyewe ikifika wanachagua ukubwa. Coach Brent, Mkanada wetu, hana maneno mengi. Anasema ufundi atamfundisha mtoto, urefu hawezi kumfundisha.

Sasa Hilali. Miaka kumi na tatu, mwembamba, shingo kama ya kuku. Familia yake ni ya Unguja, walihamia huku kabla hajazaliwa, na ndiye mtu pekee pale uwanjani ninayezungumza naye Kiswahili. Ananiita Dada Nekesa. Akikiendesha kile kisahani, unaweza kuapa amekifunga uzi kwenye gongo lake. Wiki iliyopita tulikuwa tunataniana akapanda mizani. Kilo arobaini na mbili.

Leo asubuhi mizani ilisema arobaini na tisa.

Alikuwa amevaa sweta kubwa la kaka yake. Nilimshika mbavu ili asimame wima, nikagusa kitu kigumu. Kizibao, chini ya sweta, kimeshonwa vimfuko vimfuko. Nilipobonyeza mfuko mmoja, chembe za mchanga zilidondoka kwenye mizani. Hilali aliniangalia.

Niliufagia ule mchanga kwa kiatu changu. Nikaandika arobaini na tisa.

Ningesema nilimhurumia tu ningekuwa nadanganya. Shuleni kwetu, Bungoma, mwalimu wa magongo alichora mstari wa chaki kwenye ukuta wa zahanati. Msichana ambaye kichwa chake kilipita mstari alikwenda na timu. Mimi nilipita kwa kichwa kizima. Nasimiyu, tuliyekaa dawati moja, aliyenifundisha hata namna ya kushika gongo, alipungukiwa na vidole viwili. Nikachukua nafasi yake. Mwalimu akaniambia sihitaji kujua mpira, kazi yangu ni kuvunja, na nikavunja. Mechi moja kule Kakamega nilimpiga msichana gongo la mdomo, nikaona meno yake mawili kwenye nyasi, na wenzangu wakanibeba juu juu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilifurahi. Nasimiyu alifua jezi zetu muhula ule wote, na gongo hakulishika tena.

Kwa hiyo asubuhi niliyemwona kwenye mizani hakuwa Hilali, alikuwa Nasimiyu. Nilijiona natenda haki. Nilitembea nusu saa nzima nikijipongeza, mpumbavu mimi.

Kabla ya mechi Hilali alivua kizibao akakificha chini ya benchi, maana hakuna awezaye kuteleza na mzigo ule. Dakika kumi za kwanza alikuwa moto. Alifunga mawili. La pili alimpita beki kwa kukipitisha kisahani katikati ya miguu yake, akamwacha anatafuta. Niliwaona makocha wote wanne wameinamisha vichwa wanaandika. Nilisimama kwenye kilango na chupa za maji, kifua kimenijaa.

Pavel alikuwa timu ya pili. Mrusi, umri ule ule, kilo themanini na moja, sharubu zimeanza kumtoka. Makocha wamekuwa wakimmezea mate tangu Agosti. Wazazi wa wenzake wanamchukia na kumwita trela. Ukweli ni kwamba huyu mtoto hupiga magoti kuwafungia wadogo kamba za viatu, na akitukanwa anatazama chini.

Hilali alikuwa anapanda kandokando ya ukuta, macho kwenye kisahani, kichwa chini. Pavel alikuja kutoka kushoto. Hatua tatu. Hakupunguza chochote.

Nilisikia bega, kisha ukuta, kisha helmeti ikilia juu ya barafu bila kichwa ndani yake.

Jukwaa zima lilisimama likapiga makofi. Baba mmoja alinguruma kwa Kiingereza, "Hivyo ndivyo!" Na mimi nilipiga makofi. Kabla sijaona ni nani aliye chini, mikono yangu ilikuwa imeshapiga. Miaka kumi na tano na bado mwili wangu unashangilia kabla ya akili kufika.

Damu haizami kwenye barafu. Inakaa juu, nyekundu kuliko kawaida, na inatambaa pole pole. Kidevu cha Hilali kilikuwa kimepasuka hadi weupe ukaonekana. Mtulinga ulikuwa umevunjika na kuinuka chini ya jezi kama kijiti kinachotaka kutoboa. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa na mtu ndani. Nilipiga magoti nikamwekea mkono wangu chini ya shingo, na hapo ndipo jaketi lilipolowa. Alikuwa mwepesi. Mungu wangu, alikuwa mwepesi.

Halafu mjomba wake akaruka ukuta. Alikuwa na kandura, kanzu ya huku, na makubazi, akaanguka mara mbili, akafika kwa Pavel kwa magoti, akamshika wavu wa helmeti na kuanza kumpiga ngumi za shingoni. Moja, mbili, tano. Pavel hakuinua mkono. Alisimama pale na ukubwa wake wote akapigwa na mtu mzima. Nilimwachia daktari wa uwanja kichwa cha Hilali nikaenda. Nilimkaba mjomba kwa ukosi, nikamzungusha, nikamtupa chini, nikamkalia goti kifuani mpaka akaishiwa pumzi. Kwa sekunde moja nilitaka kuendelea. Nilitaka kusikia kitu kinavunjika. Naandika hivi kwa sababu nimeamua leo nisifiche kitu.

"Khalas, sister, khalas!" walinzi walinipigia kelele niache. Nikamwachia.

Nilipogeuka, Pavel alikuwa ameketi kwenye barafu analia kwa sauti, kamasi zinamshuka hadi kwenye sharubu zile.

"Madam, hakuwa na utepe," aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Niliangalia helmeti. Naangalia kila mara. Hakuwa na utepe."



Huyu mtoto ambaye wote wanamwona nyundo, kumbe kabla ya kumgonga mtu yeyote anatazama helmeti kwanza. Akiona njano anapunguza. Mechi nzima alikuwa akiwapunguzia wadogo na hakuna aliyegundua, wala mimi ninayefunga utepe wenyewe. Kwa Hilali pia aliangalia, akaona helmeti haina kitu, akaamini. Aliniamini mimi.

Hospitalini nilikaa na Hilali mpaka bibi yake alipofika. Bi Zuhura, kamwanamke kadogo ndani ya buibui, alinishika mikono yote miwili. "Ahsante mwanangu, Mola akulipe. Wameniambia wewe ndiye uliyempakata." Kisha akaanza kulia kimya kimya. "Na mie nilivyomshonea kile kizibao! Kanambia kocha kawataka wavae, wapate nguvu. Nimekaa siku mbili na sindano, macho yenyewe haya. Hakijamsaidia, mwanangu?"

Nilisema nakwenda kuleta maji.

Hilali amezinduka. Mtulinga utachukua wiki nyingi, kidevu kina nyuzi kumi na moja, na daktari anasema kichwa kitakuwa sawa, inshallah. Nilipoingia kumuaga aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya mtu aliyelala. "Dada Nekesa, wamenichagua?"

Hawajachagua. Coach Brent alinipigia simu nikiwa kwenye korido. Wamesogeza kikao hadi kesho saa nne asubuhi. Makocha watatu wanataka jina la Pavel lifutwe na asiruhusiwe kucheza msimu mzima. Wanasema mtoto mwenye ukatili ule ni hatari, hata awe mkubwa kama nyumba. Mjomba anataka polisi. Hilali wanamtaka wote, wamngoje apone, kwa yale mabao mawili.

"Karatasi yako inasema kilo arobaini na tisa," Coach alisema. "Ni sawa, si ndiyo?"

"Yes, Coach," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Basi hesabu yenyewe ni hii, na si ngumu. Nikinyamaza, Hilali anapata timu, mimi nabaki na kazi, na mtoto wa miaka kumi na tatu anaondoka na jina la mchinjaji kwa kosa langu. Nikisema, Hilali anarudi kwa wadogo na bega lake limefungwa, bibi yake anajua kile kizibao kilikuwa cha nini, na mimi viza yangu ni ya kampuni. Madam wa ofisini hana subira na mtu anayeghushi karatasi. Nitapandishwa ndege nikiwa na jaketi hili.

Nimekuwa nikitafuta njia ya tatu tangu saa kumi. Nimeitafuta kwenye metro kutoka Al Barsha mpaka hapa, vituo vyote, kizibao kikiwa mapajani ndani ya mfuko wa supamaketi. Ndiyo, nilirudi nikakichukua chini ya benchi kabla ya mtu wa usafi kupita. Nilijiambia nakificha kwa ajili ya Hilali. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliuangalia ule mchanga ukidondoka kwenye viatu vyangu, akasogea.

Njia ya tatu haipo.

Wenzangu wananiita chakula kiko tayari. Achieng' amechungulia, ameona jaketi, ameuliza nimempiga nani. Nimemwambia watoto wawili. Amecheka, akidhani natania.

Kizibao kiko chini ya kitanda. Mshono wa Bi Zuhura ni mdogo mdogo, umenyooka, hakuna uzi uliolegea hata mmoja. Mchanga unaotoka unapita kwenye kitambaa chenyewe. Kesho saa nne nitakiweka juu ya meza ya makocha, juu ya majina yao, niwaambie nilichoandika na nilichokiona. Kisha nitakwenda kwa Bi Zuhura mwenyewe, asisikie kwa mtu mwingine. Hilo naliogopa kuliko ndege.

Hawataniuliza ningemchagua nani. Mimi si kocha, mimi ni wa mizani. Lakini kama wangeniuliza, kabla hawajaniambia niache kitambulisho mlangoni, ningewaambia wamchukue Pavel. Kilo zake siwaelezi, wanazijua.

Ningewaambia kwamba kati yetu sote tuliokuwa pale leo, ni yeye peke yake aliyeangalia kwanza.