Kiroboto Anamuuma Mwenzake

Jumapili, 2 Machi

Mimi na Fundi tumeachana tangu Januari. Karatasi zimesainiwa, yeye kachukua kabati, mimi nimebaki na friji mbovu. Lakini ligi ya gemu ya wawili wawili haijui talaka! Timu ikishaandikishwa mwanzo wa msimu haivunjwi mpaka itolewe. Nilimuuliza mwamuzi, yule mzee wa kofia, kama kuna njia ya kutoka. Akasema ipo: mshindwe.

Basi jana tukaenda kushindwa. Ukumbi ule ule juu ya duka la magodoro, viti vile vile vya plastiki. Mimi na Fundi bega kwa bega, kila mtu na kioo chake. Yeye ana Gogo, dubwana la miti, zito, linatembea kama limeamshwa usingizini. Mimi nina Kiroboto, mdogo, mwepesi, kazi yake siku zote ni kumganga Gogo. Gogo anapigwa, Kiroboto anampaka dawa. Anapigwa tena, anampaka tena. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukishindwa kwa amani, mke na mume.

Kabla hatujaanza akaniuliza, mbele za watu, kama friji bado inavuja. Friji! Fundi wa mafriji wa mtaa mzima, na yangu ameiahidi tangu harusi. Damu ikanipanda. Kila zamu wote wanne tunabonyeza machaguo yetu kwa siri, kisha yanaonekana kwa pamoja. Mimi badala ya dawa nikabonyeza kuuma. Nikamwelekeza Kiroboto kwa Gogo. Wa kwetu! Makusudi kabisa.

Kumbe Gogo ana tabia moja, haijawahi kutufaa kitu: akiumizwa, na yeyote yule, nguvu zinampanda. Kiroboto kamng'ata mara tatu, nguvu zikapanda mara tatu. Gogo akawa mwekundu. Pigo moja tu — wapinzani wote wawili chali. Ukumbi ukalipuka. Mtangazaji akasema hajaona mbinu kama ile tangu azaliwe, msaidizi anayeshambulia, tena anamshambulia mwenzake! Mbinu gani? Mimi nilikuwa na hasira zangu tu.

Kwa hiyo hatukushindwa. Tunacheza tena Jumamosi.

Jumatatu, 3 Machi

Mwanafunzi wangu wa udereva wa asubuhi, mama mwenye duka la viatu, alitaka kuingia barabara kuu bila kutazama kioo. Nikakanyaga breki ya upande wangu. Akanuna. Wote hununa. Naokoa maisha ya watu kila siku na hakuna anayeshukuru, wanasema namkatisha mtu tamaa. Fundi aliwahi kusema hata mezani nina breki.

Meseji yake imeingia mchana: Mwalimu, ile ya kuuma ulipanga? Mwalimu! Zamani aliniita "wewe".

Nimemjibu kwamba ndiyo, niliipanga wiki nzima.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfanyia Kiroboto upasuaji. Ana nafasi nne tu za ujuzi. Nimefuta dawa ndogo, nimefuta dawa kubwa. Nimemwachia kuuma na kuruka, nimempa mbio, nimempa kutia watu vumbi machoni. Wajuzi wa ukumbini watasema msaidizi bila dawa ni mpishi bila moto. Waseme. Mimi nimeshapika vya kutosha.

Jioni tumefanya mazoezi kwa simu. Tumeongea muda mrefu bila kugombana, mimi mwenyewe nimeshangaa. Anauliza, najibu. Naeleza, anasikia. Nilikuwa wapi siku zote hizo? Au yeye ndiye alikuwa wapi?

Tatizo ni moja. Gogo ana ngao. Akiinua ngao hakuna kinachomgusa zamu ile, na meno yangu yanapotea bure. Nikamwambia aifute ngao. Akasema simu inakwaruza. Nikarudia. Akasema, ngoja nikaoge kwanza.

Nimecheka mpaka nikakata simu. Huyo ndiye mume wangu! Kila nikimsema anakwenda kuoga. Nikianza habari ya kodi, anachukua taulo. Nikitaja friji, nasikia maji. Mji mzima hakuna mwanamume msafi kama yule.

Mume wangu wa zamani, nataka kusema.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeshinda tena! Hasira hasara, wanasema. Kwa Gogo hasira ni mtaji.

Wapinzani walikuwa makarani wawili wa benki, wameshonesha hadi fulana. Walipoona Kiroboto anamrukia Gogo wakacheka, wakadhani nimekosea batani. Hawakucheka tena. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sasa ndilo jina letu. Kikulacho.

Mtangazaji akasema, tazameni wanandoa hawa, wanaelewana bila hata kutazamana. Hatutazamani kwa sababu nyingine, lakini sikumsahihisha. Nilingoja Fundi amsahihishe. Naye akawapungia watu mkono.

Akanibebea mkoba mpaka chini ya ngazi. Kisha akakumbuka, akaomba radhi, akanirudishia.

Jumanne, 11 Machi

Wifi amekuja. Bado ananiita wifi. Anasema tulioachana ni sisi wawili, yeye hakusaini kitu. Nampenda kwa hilo. Simpendi kwa mengine.

Kaka yake siku hizi anapiga mluzi, anasema. Ananunua nguo. Nikajifanya napanga vikombe. Ndipo akatoa alichokuja nacho: wamempatia mtu. Ni muuguzi wa wodi ya watoto. Wameonana mara mbili. Mpole sana wifi, hana neno, hata ukimkanyaga anakuomba radhi yeye.

Muuguzi! Mimi namfutia dawa, ndugu zake wanamletea hospitali nzima.

Nikasema hongera. Nikamimina chai nje ya kikombe, ikamfika mpaka kwenye gauni. Wifi akasema si kitu, maji tu hayo, huku ananitazama usoni. Huyu mwanamke hakuja kunipa habari. Alikuja kuona nitaipokeaje.

Ijumaa, 14 Machi

Sina wivu.

Nilikuwa nimeandika hivyo mara mbili, nikafuta moja.

Jumamosi, 15 Machi

Nusu fainali. Leo nimeua. Nimemuua Gogo kwa meno yangu mwenyewe.

Raundi ya kwanza ilikuwa yetu. Ya pili Gogo alikuwa ameshapigwa sana, mstari wake wa uhai umebaki uzi. Mtu mwenye akili angetia vumbi wapinzani akamwacha mwenzake apumue. Mimi nilikuwa nawaza habari za wauguzi wapole. Nikabonyeza kuuma. Jino la kwanza, Gogo akayumba. La pili akaanguka kifudifudi. La tatu lilimkuta ameshakufa. Ukumbi ukaguna! Mtangazaji akauliza kama hiyo nayo ni mbinu.

Fundi hakunifokea. Ingekuwa nafuu. Aliinama kidogo tu, akasema taratibu:

"Mwalimu, nilikuwa nimebakiwa na kidogo sana. Hukuangalia."

Nikasema nimeona. Nikaenda chooni, nikalia kidogo, nikanawa, nikarudi. Raundi ya tatu nikauma mara moja tu, mwanzoni, akiwa mzima. Tukashinda. Tuko fainali.

Nimefika nyumbani bado nabishana naye kichwani. Sawa, sikuangalia. Lakini Gogo mstari wake wa uhai unaelea juu ya kichwa, kila mtu anauona. Yeye juu ya kichwa ana kofia tu! Ningejuaje amebakiwa na kiasi gani, na kila nikikaribia nasikia maji ya bafuni?

Ningeweza kuuliza, labda.

Jumatatu, 17 Machi

Mama wa viatu leo ametazama kioo bila kuambiwa. Sikukanyaga kitu. Nilimsifu. Akafurahi mpaka akapanda ukingo wa barabara.

Alhamisi, 20 Machi

Wifi kapiga simu. Anazunguka mbuyu, habari za watoto, habari za mafua. Mwisho akasema: Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tisa, wanampeleka Fundi kwa wazazi wa muuguzi akajitambulishe. Wazee wameshakubali siku. Kaka yake mwenyewe amekubali siku.

Nikasema, tarehe ishirini na tisa, wifi? Akasema ndiyo, kwani kuna nini? Sauti tamu kama asali. Nikasema hakuna kitu.

Tarehe ishirini na tisa ni fainali za taifa. Mji mwingine, siku nzima. Anayeshinda keshokutwa ndiye anayekwenda, na asiyetokea anafungiwa misimu miwili. Fundi anaijua ratiba kuliko mimi, ameibandika kwenye boksi lake la vifaa. Nimeiona. Na hajaniambia neno.

Kwa hiyo ni hivi. Tukishinda Jumamosi, kwa wazee haendi. Tukishindwa anakwenda, timu inavunjika, na sitakuwa tena na sababu yoyote duniani ya kumpigia simu. Si hicho nilichokuwa nakitaka mwanzoni? Nilipanda ngazi za ukumbi ule nikiomba tushindwe! 

Namtaka. Basi, nimeandika. Namtaka mtu niliyesaini kumwacha, tena kwa kalamu yangu, yake ilikuwa imekauka.

Nimpigie nimuulize? Nimuulize nini? Atakwenda kuoga.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwenye ngazi za ukumbi. Umeme umekatika. Nitaandika haraka maana hawajasema utarudi lini.

Fainali tunacheza na Pacha, wasichana wawili wa chuo, hawafanani hata kidogo, ni jina tu. Hatari! Viumbe vyao vina mbio kama moto wa petroli. Raundi ya kwanza tumeshinda. Ya pili walimlenga Kiroboto peke yake, zamu mbili tu wakamtandika, Gogo akabaki amesimama kama nguzo bila wa kumkasirisha. Tukawa sare, moja moja.

Ya tatu kila kitu ni zamu ya kwanza. Mbio nilizompa zinamtosha Kiroboto kutangulia mara moja tu, baada ya hapo Pacha wanamuua. Nikiuma na Fundi akabonyeza pigo, tunakwenda taifa. Nikiuma na Fundi akainua ngao, ile ambayo hakuifuta, meno yanapotea, tumekwisha. Yeye anajua. Mimi najua. Hata muuza maji mlangoni nadhani anajua.

Nikabonyeza kuuma. Sina hakika kama nilikuwa natafuta ushindi au nilitaka kumuuma tu.

Fundi alichelewa. Taa tatu za tayari zilikuwa zimeshawaka, yake bado. Nilisikia anapumua. Sikumtazama, nilitazama viatu vyake. Vipya. Kisha nikasikia batani. Taa ya nne ikawaka, na hapo hapo — giza! Vioo vyote. Feni. Kila kitu. Watu wakazomea kama umeme unasikia.

Mwamuzi amesema mashine imeshika machaguo yote manne, hakuna anayeruhusiwa kubadilisha, umeme ukirudi yataonekana. Wametuma mtu akatafute mafuta ya jenereta. Akatutoa nje kwa sababu ya joto.

Kwa hiyo jambo limeshaamuliwa. Limo mle ndani kwenye mashine. Na anayelijua kakaa ngazi moja chini yangu, anakunja na kukunjua karatasi aliyoibandua kwenye chupa ya maji.

Kaniuliza naandika nini. Nimesema makosa ya wanafunzi. Akasema basi ni mengi.

Kaniuliza nimebonyeza nini. Nimesema kuuma, kwani nina nini kingine? Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo. Nikamuuliza yeye. Akatazama barabarani. Gari moja la mafunzo la wenzetu likapita, mwanafunzi amekaa katikati ya njia, na mguu wangu ukakanyaga ngazi. Kaona. Hakucheka.

Nikamwambia, "Tarehe ishirini na tisa naijua. Wifi kaniambia."

Akasema alijua dada yake ataniambia. Ndiyo maana alimwambia anaikubali siku hiyo.

Sasa hilo ndilo nini? Nimelisoma mara tatu hapa nilipoliandika na bado simalizi.

Simu yake imelia. Ni wifi, nimesikia sauti mpaka hapa. Hakwenda mbali kupokea, amepokea pale pale alipokaa, mgongo wake karibu na goti langu. Alisikiliza. Akasema maneno machache sitaki kusema nilisikia. Akakata.

Nikauliza wanasemaje. Akasema wazee wanataka kujua wamtegemee Jumamosi ijayo saa ngapi.

"Ukasemaje?"

"Nimesema nangoja umeme."

Jenereta imekohoa huko nyuma, ikazima. Imekohoa tena. Sasa imeshika, ndani wanashangilia, taa za ngazi zimewaka mchana kweupe. Mwamuzi ametokeza kofia mlangoni anatuita. Anaita mara ya pili. Pacha wameshaingia.

Fundi hajasimama. Anataka nisimame kwanza, au ananisubiri nimalize kuandika, sijui, na mimi nafunga daftari nisimame naye.