Siku Niliyosema Breki Ziko Sawa

Makongeni, Jumapili jioni, Julai 1996

Baridi ya leo inauma masikio. Nimekaa kitandani, blanketi mabegani, mguu wa kulia ndani ya karai la maji ya chumvi, na nina furaha mpaka najishangaa. Niko hai. Wacha niandike tena: niko hai!

Wiki nzima nimewachosha makarani wenzangu. Eti Jumapili nitashuka Bonde la Ufa kwa baisikeli, kwa ile barabara ya zamani inayomeza malori. Nilijipiga kifua mpaka chai ikawapoa vikombeni. Mke wangu Mwikali alisema jambo moja tu: "Baba Ndinda, Jumapili ni ya kanisa." Sikumsikiza.

Sasa niungame.

Jana niliosha baisikeli yangu ya mitumba, nikaona haing'ai vya kutosha. Nikachukua mafuta ya watoto ya kujipaka, nikaipaka yote, fremu, spoki, hata rimu. Majirani walisimama kuitazama, nami nikaringa. Ni leo asubuhi nilipojaribu breki kule Kimende, juu kabisa ya bonde, zikateleza, ndipo nikakumbuka kwamba raba za breki hushika kwenye rimu. Jamani, karani mzima!

Aliyekuwa aniongoze ni Mama Wanjiku, mwanamke wa miaka hamsini hivi. Ameshusha kabichi kwa baisikeli barabara hiyo tangu usichana wake, na siku hizi huongoza wageni kama mimi. Alitazama viatu vyangu vipya, akatabasamu kidogo.

"Bwana, breki ziko sawa?"

"Ziko sawa kabisa, mama."

Nilijua haziko sawa. Lile tabasamu lilinichoma, basi.

Kona ya kwanza niliburuta viatu, nikapona. Ya pili mteremko ukazidi. Kulia ukuta wa mawe na mtaro, kushoto hakuna kitu, ni hewa na ukungu. Nilibana breki mpaka vidole vikafa ganzi, baisikeli ikaendelea na safari yake. Nikampita kiongozi wangu.

"We! Kaa nyuma yangu!"

Naona aibu kuandika hili, lakini hata hapo nilinyamaza. Nilikuwa radhi kufa kuliko kukubali kwamba nimedanganya.

Halafu lori likatokea kwenye ukungu, likipanda.

"Mama, sina breki!"

Nililia kama mtoto. Naye hakupoteza hata sekunde: "Kisigino! Kisigino kwa gurudumu la nyuma! Ingia mtaro wa kulia, sasa hivi!"

Nilikandamiza kisigino, nikasikia harufu ya kiatu kikiungua, nikakata barabara mbele ya lori na kuanguka kwenye matope ya mtaroni. Lori lilipita likipiga honi. Nililala pale nikihesabu meno kwa ulimi. Yote yalikuwepo, asante Mungu.

Mama Wanjiku alikuja mbio. Alinikagua mikono na miguu kwanza, kisha akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa.

"Umeipaka mafuta kama mtoto wa kwenda kanisani?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia kwamba nilijua tangu juu. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikaisha ghafla.

"Ungeniambia, tungesugua na mchanga na kitambaa. Dakika kumi tu. Mimi ningekuwa na maiti, kwa sababu ya dakika kumi."

Aliniamuru nitembee, na nikatembea mpaka bondeni nikikokota baisikeli, kiatu kimoja kikiwa wazi nyuma, naye akitembea kando yangu wakati wote. Angeweza kupanda yake akaniacha. Sijawahi kufurahia kutembea namna ile.

Nyumbani nilimweleza Mwikali kila kitu, hata ule uongo wangu. Nilingoja anigombeze. Alikiangalia kiatu, akaniletea karai, akaninawisha mguu mwenyewe. Hapo ndipo nililia kwa mara ya pili leo.

Baadaye akauliza, "Na hao wenzako kesho, utawaambia nini?"

Nimekuwa nikitafuta namna ya kulisema bila kuonekana mjinga, na sijaipata. Basi nitaingia ofisini saa mbili na kuwaambia kabla hawajauliza: niliogopa kusema breki hazishiki, nikaanguka, nikashuka kwa miguu.