Meza ya Mapadre

Minneapolis, Januari

Beni, mjukuu wangu na mume wangu,

Bibi yako mzima, ila theluji imenifungia ndani. Mama yako bado yuko kazini kule hospitali, anakusalimu.

Unauliza kama yule askofu wa kale mnayemsoma seminarini, aliyeagiza mapadre wake waishi nyumba moja na kula meza moja, alilirekebisha Kanisa au aliwasumbua watu tu.

Nilipokuwa msichana nikipika misheni, paroko mpya aliagiza vivyo hivyo: sahani zisipelekwe tena vyumbani. Padre mzee akagoma kuja. Tukasema ana kiburi. Alipokuja hatimaye, tukaona mikono inavyomtetemeka. Supu ilimwagika yote kabla ya kufika mdomoni.

 Kesho yake paroko akaniambia, "Binti, leo songa ugali, na vijiko viache jikoni." Wakanawa, wakala wote kwa mkono, paroko naye. Tonge halimwagiki. Yule mzee akaomba aongezewe.

Askofu wako simjui. Tazama kitabuni kama naye alikaa mezani nao. Kama hakukaa, aliwasumbua tu.

Bibi yako,
Skolastika