Besi ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Sheria ya Ushahidi, saa mbili hadi saa nne. Kisha mbio hadi chumba cha muziki, nadharia, saa nne hiyohiyo. Kila Jumatatu nachelewa, kila Jumatatu mwalimu ananipokea kwa kikohozi. Mwaka wa tatu huu. Shahada ya sheria na stashahada ya muziki kwa mpigo. Mshika mbili moja humponyoka, wananiambia. Mimi nahisi zinaponyoka zote.

Mvua. Chumba changu cha kupanga, mtaa wa Isevya, kinavuja palepale. Ndoo.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amepiga simu kutoka kijijini. Hakulia, na hilo ndilo limenitisha. Ratiba ya ibada ya Pasaka imetoka. Wimbo wa alfajiri makaburini ni uleule wa miaka yote, alioutunga baba alipokuwa mwalimu wa kwaya, kwa ajili ya matarumbeta. Chini yake wamepiga chapa: Mtunzi, Mwalimu Elikana, Nzega.

Elikana! Baba ndiye aliyemfundisha kushika tarumbeta. Amekula ugali wetu miaka minne. Sasa ana kwaya yake huko Nzega, ameurekodi wimbo kwa kinanda cha umeme na kuusajili kwa jina lake. Katibu wa ushirika wetu wa kanisa hana ubaya, kanakili jina lililo kwenye rekodi, basi.

Mama anataka kitu kimoja tu. Jina la baba lirudi kabla ya Pasaka. "Si ndiyo hiyo sheria unayosoma, mwanangu?"

Ndiyo, mama. Na muziki pia. Kama kuna kesi niliyosomea, ni hii. Daftari la nyimbo za baba ninalo mimi, sandukuni, chini ya kitanda.

Jumapili, 9 Machi

Nimelifungua daftari. Nimelifunga.

Jumatano, 12 Machi

Niandike tu. Hakuna anayesoma hapa.

Baba aliandika nyimbo zake kwa penseli, kwa solfa, nota za do-re-mi. Mahali pa mtunzi hakuweka jina. Aliandika: Kwa utukufu wa Mungu. Walimu wa kwaya wa rika lake huku kwetu walifanya hivyo wote. Kujitaja lilikuwa jambo la majivuno.

Mwaka wa kwanza tulipewa kazi. Chukua wimbo wa kwenu, usahihishe kwa kanuni. Nikachukua wa baba. Besi yake, sauti ya chini kabisa, ilitembea sambamba na sauti ya kwanza, zikiachana hatua tano, mstari baada ya mstari. Kosa la kwanza kabisa wanalokukataza darasani. Nikachukua kifutio. Nikaandika besi mpya humohumo daftarini, kwa wino. Kazi ilidai jina la mtunzi. Nikaufuta utukufu wa Mungu, nikaandika jina la baba. Kwa wino. Kwa mwandiko wangu.

Nilipata A. Likizo nikampelekea baba, tayari mgonjwa. Alitazama ule ukurasa kwa muda mrefu, akacheka kidogo, akaniambia: "Sawa, mama. Nyie ndio wasomi." Nikadhani kanisifu. Nikawapa na wapiga tarumbeta nakala. Miezi mitatu baadaye tukamzika.

Ijumaa, 14 Machi

Ofisini kwa Dokta anayetufundisha ushahidi. Ni mwanamke mpole. Shikamoo, marahaba, keti. Akalinyanyua daftari kuelekea dirishani, akaona palipofutwa. Akauliza jambo moja: mwandiko wa wino ni wa nani?

Ningeweza kudanganya. Sikudanganya.

Akanirudishia daftari kwa mikono miwili. Akasema nitafute mashahidi. Mengine hakuhitaji kunieleza. Hati imebadilishwa, na aliyeibadilisha ndiye anayeileta. Mada hiyo nilifaulu vizuri sana muhula uliopita.

Leo nimejichukia.

Jumamosi, 22 Machi

Kijijini, upande wa Urambo. Tope njia nzima. Nimetafuta mashahidi.

Wapiga tarumbeta wawili wa zamani wamekufa. Wa tatu kaniambia wimbo ni wa Mungu, kwani baba yako mwenyewe aliandika nini pale juu? Kanifunga mdomo kwa maneno ya baba. Akabaki Mzee Kasanda, fundi baiskeli, ambaye amepiga tarumbeta kubwa la besi tangu sijazaliwa. Alinisikiliza huku akiziba pancha. Kisha akasema hawezi kusimama mbele ya hakimu kumshtaki mtoto waliyekula naye chungu kimoja. Hakuniangalia.

Mama kapika uyoga. Sikuweza kumwambia habari ya kifutio. Nimemwambia sheria inachukua muda. Kumbe nimeshakuwa wakili.

Jumatano, 2 Aprili

Nilimwandikia Elikana. Kwa heshima zote, kaka huku, kaka kule. Amejibu leo kwenye simu. "Mdogo wangu, kama una karatasi ya mwalimu yenye jina lake, ilete tuione."

Anajua. Alikaa miaka minne karibu na daftari lile. Anajua halikuwa na jina.

Sijaenda darasani. Si huku, si kule.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeandika barua ya kuacha muziki. Kisha ya kuacha sheria. Zote mbili ziko mezani na zina sahihi yangu. Nimeshindwa kuamua ni ipi nianze kuipeleka.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nyumbani. Katibu anasikitika, ratiba zimeshatoka na hana hati ya kumtoa Elikana.

Nimemwambia mama. Kifutio, wino, kila kitu. Aliendelea kupeta mchele. Alipeta hata ulipokwisha kutakata. Kisha akaniambia kwa Kinyamwezi, kwa upole, nikapumzike. Sikustahili sauti ile.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Tumetoka kanisani kabla ya mapambazuko, foleni hadi makaburini kando ya barabara ya zamani ya Ujiji. Nyasi zimelowa. Kila mtu na ratiba mkononi, kila ratiba na jina la Elikana. Nimesimama kwenye kaburi la baba.

Bwana amefufuka. Matarumbeta yakaanza.

Vijana walisoma nakala zangu. Mzee Kasanda hasomi nota, hajawahi kusoma. Alipiga besi aliyofundishwa na baba kwa sikio. Hatua tano, sambamba, mstari baada ya mstari.

Wimbo huu nimeusikia tangu utoto, sikuwahi kuusikiliza. Pasaka iliyopita nilikuwa na mitihani. Leo nimesikiliza. Pale hakuna kuta. Besi yangu ya darasani ingepotelea kwenye nyasi. Ya baba ilisimama wima chini ya sauti ya kwanza na kuibeba hadi ng'ambo ya barabara, ambako watu wa mashambani walisimama na majembe yao. Hakuwa amekosea. Alijua anaandikia mahali gani. Akanitazama na A yangu, akacheka tu.

Nimelia mbele ya watu. Walidhani ni msiba, wakanishika mabega. Nimewaacha wadhani hivyo.

Jumatatu, 21 Aprili

Asubuhi kwa Mzee Kasanda. Nimemwomba anipigie besi peke yake, polepole. Alifuta mikono yenye grisi, akaipakata besi, akapiga. Nikaandika solfa nyuma ya ratiba ya Pasaka kwa penseli ya mama. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu mteja alikuja na baiskeli yake, akakaa kusubiri.

Mahakama haitaipokea karatasi hii. Mwandiko ni wangu tena.

Sikusahihisha kitu. Mahali pa mtunzi nimeandika alivyoandika baba: Kwa utukufu wa Mungu. Jina lake halimo.