Nimeitwa Mwizi wa Maneno Niliyoyaandika Mwenyewe

Shangazi mpendwa, miaka yote nasoma majibu unayowapa wengine nikijiambia mimi sina la kuuliza, leo ninalo, na nakuomba unishike mkono upesi kwa sababu nimebakiwa na siku tisa tu.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni mchoraji. Kila mwaka kuna maonyesho makubwa ya sanaa ambayo huingii hivi hivi, unapeleka fomu na picha ya kazi yako na maelezo yasiyozidi maneno mia moja, majaji wanasoma bila kuona jina ndipo wanaamua nani aingie, na mume wangu mkono wake ni wa brashi, ukimpa kalamu anaandika "hii ni picha ya mlima" basi, kwa hiyo tangu tuoane maelezo naandika mimi, mezani jikoni, naye amesimama nyuma yangu ananihimiza, "Mke wangu, tia chumvi kidogo hapo," na sikulalamika kwa sababu nilikuwa nampenda na nilipenda kumwona anaingia.

Mwaka jana alichora beseni la plastiki la bluu lenye maji. Nikamuuliza niandike nini, akasema ni beseni tu, andika chochote. Shangazi, sisi tulizika mtoto, binti wa miezi kumi na minne, na asubuhi ile alipozidiwa nilikuwa nimeshamwekea maji ya kuoga, tuliporudi kutoka hospitali bila yeye maji bado yapo palepale, nikashindwa kuyamwaga siku mbili nzima, na mume wangu ndiye aliyeuliza mbona hili beseni liko njiani. Basi hayo ndiyo niliyoandika, maneno tisini na nane, nikayaweka kinywani mwake: sikuweza kuyamwaga. Akashinda. Picha ikatundikwa kwenye ukumbi wa maonyesho, ipo hadi leo, na siku ya sherehe akashika kipaza sauti akasema, "Sikuweza kuyamwaga," akafuta machozi, watu wakamkumbatia, mimi nimesimama nyuma nimemshikia koti.

Mwaka huu nikasema na mimi nijaribu. Nikatoa nguo za mwanangu nilizozificha chini ya sanduku, nikazikata, nikazishona viraka kwa viraka vikawa shuka moja, nikapeleka fomu bila kumwambia mtu, na kwenye maelezo yakaja maji yale yale kwa sababu yaliyonikuta ni hayo, sina mengine. Jibu likaja kwamba maelezo yangu yameibwa kwa mshindi wa mwaka jana, nimefungiwa miaka mitatu, na kama nina la kujitetea niandike ndani ya siku kumi na nne. Kumbe mshindi wa mwaka jana ndiye huwa jaji mwaka unaofuata. Mume wangu alikuwepo, aliviona vifungo vya gauni la mwanawe kwenye picha ya shuka akavijua, na walipoulizwa nani anakubali kuwa huu ni wizi, akanyoosha mkono. Hakukana nilipomuuliza. Alisema, "Mke wangu, wenzangu wote wameshanyoosha, ningewaambia nini?"

Wifi yangu ananiambia funika kombe mwanaharamu apite, aibu ya mume ni ya mke. Nikinyamaza mimi ni mwizi, nikisema namvunja mume wangu mbele ya watu. Nimechoka, Shangazi, na namchukia hata anavyokoroga chai. Nifanye nini?

Fundi wa Viraka

SHANGAZI ANAJIBU

Pole kwa binti yako. Naanza na hilo kwa sababu katika barua yako yote sijaona mtu aliyekupa pole.

Sasa nikukalipie. Fomu za namna hiyo zina mahali pa kutia sahihi kwamba maelezo ni ya mwenye kazi. Mumeo alitia sahihi mwaka baada ya mwaka, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo mezani unamtazama. Hakuna aliyekuvunjia dirisha, mama. Ulimpakulia mwenyewe, tena ukamchagulia kinono. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili mlilichuma wawili na unalila peke yako, na hapo ndipo mimi na mumeo tunapogombana.

Wifi yako mwambie kombe limeshafunikwa, ila mwanaharamu hajapita, amekaa kwenye kiti cha jaji.

Andika barua leo. Iwe fupi: maelezo ya mwaka jana niliyaandika mimi, haya ya mwaka huu pia ni yangu, mambo yenyewe yalinipata mimi. Karatasi ya mwaka jana uliyoandikia na kufutafuta ukihesabu maneno, kama bado unayo, iambatanishe. Usimtukane mumeo humo, wala usiwalilie. Kisha msomee kabla hujaituma, mchana, mkiwa mmekaa. Unamjulisha, humwombi ruhusa. Akitaka kutia sahihi chini yako, mpe kalamu. Ila mtu aliyenyoosha mkono mbele ya vifungo vya mwanawe, siwezi kukuahidi kwamba ataushusha.

Huenda wakawafungia nyote wawili. Sawa, mfungiwe kwa mlichofanya, si kwa wizi ambao hukuufanya.

Na kuna jambo la ufundi. Umenieleza beseni nikaliona, lakini shuka sijaliona. Lina upana gani? Kitambaa gani, uzi gani, gauni lile lilikaa katikati au pembeni, kwa nini? Beseni ni picha yake, mwachie. Ukiandika tena, andika shuka, na uandike kwa jina lako. Ya mtu mwingine usiandike hata neno moja, hata akikupigia magoti.

Wakiamua kuishusha ile picha, watampigia simu aje kuichukua. Ni kubwa, ataomba mtu wa kushika upande wa pili. Usiende.