Kabla ya Kuilaumu Mashine

Wakesho mjukuu wangu,

Huku Bura sote tu wazima. Nyanya yako amevuna kabichi, na bado ananikataza kupanda ngazi. Nami bado napanda.

Umeniuliza kama ununue ule msumeno wa meza wa bei rahisi, ujitengenezee rafu huko Nakuru. Nunua.

Nilipokuwa kijana nilinunua mashine kama hiyo, ya mtumba. Mteja alikuwa anangojea kitanda cha harusi, basi nikaangusha mgrevilea wetu wa shambani, nikapasua mbao na kuziingiza kwenye msumeno kabla hazijakauka. Mbao mbichi hubana meno ya msumeno. Ubao wangu ulibana, ukarushwa nyuma kwa nguvu, mkono wangu ukaingia kwenye meno. Kidole changu kifupi unakijua. Hayo mengine tuyaache.

Niliitukana mashine hiyo katika kijiji kizima, kisha nikamuuzia jirani yetu Mwadime. Yeye, kabla ya kukata chochote, alipima ule ubao wa kuongozea mbao ulio juu ya meza ya mashine, akaunyoosha hadi ukaenda sambamba na meno, maana kwenye mashine za bei rahisi huja umepinda. Kinga inayofunika meno hakuiondoa hata siku moja. Mwisho wa mbao aliusukuma kwa kijiti. Na mbao zake zilikaa darini, juu ya moto wa jikoni, hadi zikakauka, hata mteja akinuna.

Mashine ni ile ile, na bado anaitumia. Jumapili tulisalimiana kanisani, akanipa mkono wenye vidole vyote vitano.

Ni mimi babu yako.